Kifuniko cha Tangi la Baba

Harufu ya petroli ikikutana na matope mabichi hunirudisha nyuma ya duka letu la Munyaka, mjini Eldoret, msimu mmoja wa mvua nikiwa na miaka tisa. Ilikuwa enzi ya chama kimoja, picha ya rais ikituangalia kutoka juu ya rafu ya sukari, na kila Jumapili baada ya kanisa wanaume wenye Lendirova walikuja kuegesha uani kwetu. Walikuwa wakulima na wafanyabiashara waliopenda kuyapeleka magari yao mahali ambapo mtu mwingine angeogopa kupeleka hata punda: vinamasi vya upande wa mji mdogo wa Ziwa, mitaro, mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Walirudi na matope hadi kwenye nyusi, wakafungua boneti, na hapo ndipo raha yenyewe ilipoanza. Hakuna aliyepeleka gari kwa fundi. Kila mmoja alikuwa na dawa ya gari la mwenzake. Mkanda wa feni ukikatika, ufunge kwa soksi ndefu ya mama watoto. Rejeta ikivuja, vunja yai utie ndani. Mama aliwaletea chai kwenye birika kubwa, nao walibishana mpaka jua linazama.

Baba ndiye aliyekuwa mwenye ua, mwenye chai na mwenye sauti kubwa. Gari likikohoa, yeye alikuwa wa kwanza kutoa ushauri, kwa maelezo marefu, huku akipiga bodi kwa kiganja. Wenzake walimsikiliza kwa adabu. Kisha, kila mara, mmoja wao aligeuka na kusema, "Na wewe Mzee Abdi, unaonaje?" Maneno hayo yalimchoma baba kama pasi. Mzee Abdi alikuwa na malori yaliyobeba mahindi kutoka Moi's Bridge. Alikuwa mrefu, mpole, na hakuwahi kusema kabla hajaulizwa. Aliinamisha kichwa, akasikiliza injini, akasema neno moja au mawili, na gari likapona.

Mimi, Njeri, nilikuwa na wivu wangu kando. Mzee Abdi alikuja na binti yake Sadia, wa umri wangu, na ni Sadia aliyeketi kwenye usukani na kuwasha gari wakati wanaume wanasikiliza. "Washa, mama," babake alimwambia. "Zima. Washa tena." Sadia aligeuza ufunguo bila hata kutazama mkono wake, kama mtu anayefungua mlango wa kwao. Mimi nilikuwa nikishika sahani ya mandazi. Nilipomwomba baba aniruhusu mara moja tu, alisema gari si kitu cha kuchezea. Usiku nililala nikigeuza ufunguo usiokuwepo, na nilimchukia Sadia kwa bidii, ingawa hakuwa amenikosea lolote na mara nyingi alinigawia tende.

Mwanzo wa mvua hizo baba alilipaka gari letu rangi mpya ya kijani, mwenyewe, kwa brashi, akajivunia sana. Wiki iliyofuata likaanza kuzimika njiani. Lilienda vizuri kwa umbali fulani, likakohoa, likakata. Jumapili hiyo baba aliwaeleza wenzake kwamba shida ni kabureta, na wao, kama kawaida, wakamgeukia Mzee Abdi. Alilizunguka gari mara moja tu.

"Hiyo gari inakosa hewa," alisema. "Fungua kifuniko ya tangi kidogo, utaona."

"Gari haivuti pumzi kwa tangi, Abdi," baba akajibu. "Hii si ng'ombe."

Watu walicheka, naye Mzee Abdi akacheka pamoja nao, akaendelea kunywa chai. Jioni nilimwona baba amesimama peke yake karibu na tangi, mkono juu ya kifuniko. Kisha akauondoa, akaenda kuchukua spana za kabureta.

Baada ya hapo tulienda Moi's Bridge kumtembelea shangazi. Ndugu yangu Mwangi, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa na kikohozi kidogo tulipofika. Tulipolala na kuamka alikuwa anawaka moto, na mbavu zake ziliingia ndani kila alipovuta pumzi. Tukaondoka mara moja kurudi Eldoret hospitalini. Mvua ilikuwa inanyesha. Gari likaenda, likakohoa, likazima katikati ya mashamba ya mahindi. Baba akashuka, akafungua kabureta, akaipuliza, akaifunga, na gari likawaka. "Unaona?" akasema, maji yakimchuruzika puani. Tulikwenda mwendo mfupi, likazima tena. Akashuka tena. Mara ya tatu aliangusha skrubu kwenye matope, akapiga magoti kuitafuta. Mwangi alikuwa ameacha kulia, na kule kunyamaza kulinitisha kuliko kilio.

Mama akafungua dirisha. "Baba Njeri, fungua kile kifuniko."

"Hayo ni maneno ya Abdi."

"Mtoto hajui ni maneno ya nani."

Baba alisimama kwenye mvua akimtazama. Kisha akaenda nyuma, akakizungusha kifuniko kikalegea, na sote ndani ya gari tukasikia tangi likivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Ile rangi yake ya kijani ilikuwa imeziba tundu dogo la hewa kwenye kifuniko, na kila aliposimama kuhangaika na kabureta hewa kidogo ilijipenyeza. Gari liliwaka na halikuzima tena mpaka hospitalini. Mwangi alichomwa sindano, akalazwa, na wiki haikuisha kabla hajarudi nyumbani akidai uji.

Jumapili iliyofuata baba aliwasimulia wenzake safari yote, na alipofika kwenye kifuniko akasema, "Basi nikakaa chini nikafikiria. Nikajiambia, labda ni hewa." Nilimtazama mama. Alikuwa akimimina chai, na chai ikafurika kikombe. Nilimtazama Mzee Abdi, nikingoja aseme. Aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Ulifikiria vizuri, Baba Njeri," alisema. "Mtoto anaendeleaje?"

Siku hiyo sikuutamani tena ule ufunguo mkononi mwa Sadia. Nilimwonea wivu kwa sababu ya babake.

Baba alishafariki, na uani pale sasa pana nyumba za kupangisha. Mimi nina gari langu la kupanda milima, na ushauri siku hizi tunapeana kwenye kikundi cha simu, watu ambao wengine hatujawahi kuonana, tukitumiana picha za injini na sauti za vyuma vinavyolia. Juzi kijana mmoja aliuliza kwa nini gari lake linazimika kwenye miinuko. Nilimwandikia jibu refu, lenye mpangilio. Mwenzangu mmoja akaandika mstari mmoja, tofauti na wangu, na baadaye yule kijana akamshukuru yeye: gari limepona. Nilikaa na simu mkononi, nikitafuta namna ya kuandika kwamba hata mimi nilikuwa nakaribia kusema hivyo. Miaka yote hiyo nilidhani namjua baba yangu. Nilianza kumjua hapo.