Wino Uliohamia Kwapani

Fundi Rangi alichorwa ndege kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya bega, siku tisa kabla ya kwenda kuposa. Ndege mwenyewe alikuwa chiriku, kwa sababu msichana aliyemtaka alikuwa na mdomo usiojua mapumziko na mtaa mzima ulimwita hivyo. Mchoraji alichovya sindano kwenye wino mweusi akamwambia ajikaze. Akajikaza. Alipokwenda kumwonyesha mchumba, Chiriku aliutazama ule mkono, akauliza, "Mbona hujamchora mdomo wazi?"

Wakaoana.

Miaka thelathini na minane ikapita, na ndege akanenepa. Mistari iliyokuwa myembamba kama uzi ilitanuka, manyoya yakashikana, weusi ukageuka kuwa bluu ya kijivu. "Ulichorwa chiriku," mkewe alipenda kumtania akimpaka mafuta mgongoni, "sasa unatembea na kuku wa mayai." Fundi hakukosa maelezo. Ngozi ni ukuta, alisema. Ukuta ukiwa na unyevu, rangi hutawanyika, na yule mchoraji hakutayarisha ukuta wake vizuri, basi.

Asubuhi moja alikuwa juu ya ngazi akipaka dari ya darasa. Aliinua rola, akahisi kitu kama kokwa kwapani. Akapapasa. Mtoki. Nyumbani hakusema. Kwa wiki mbili alipaka kwa mkono wa kushoto, mpaka Chiriku alipomwona akivua shati huku amekunja uso.

"Hicho nini?"

"Mtoki tu."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Mume wangu, juzi ya mwezi gani?"

Kesho yake walikuwa hospitali. Daktari, mwanamke kijana ambaye miwani ilikuwa ikimteleza puani kila akiinama, aliubonyeza ule uvimbe, akasema ni tezi, na ni bora itolewe ikapimwe. Ikatolewa. Aliporudi kuwaona, alivuta kiti akakaa, na Fundi akajua kuwa habari si njema. Daktari mwenye habari njema huzisema akiwa amesimama.

"Mzee wangu, sitakuficha. Tezi tuliyoitoa ni nyeusi tii. Inaweza kuwa saratani ya ngozi iliyosambaa, inaweza isiwe. Tusubiri majibu ya maabara."

Walisubiri siku sita. Chiriku alipika, akafua, akambadilisha bandeji kama daktari alivyoagiza, bila kutoa neno lisilo la lazima. Fundi akaanza kusikia mlio wa saa ya ukutani, saa aliyoinunua mwenyewe na hakuwahi kujua kuwa ina mlio. Siku ya nne uzalendo ukamshinda.

"Mke wangu, sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Msengenye jirani."

Chiriku akajaribu. "Jirani kaweka mapazia ya kijani. Na makochi yake yale ya zambarau, sijui alikuwa anafikiria..." Akamlalia mumewe begani, upande ule ule wenye kidonda. Ilimuuma kweli kweli. Hakumwondoa.

Siku ya majibu, daktari aliyasema akiwa bado mlangoni.

"Ni wino! Wino wa tatuu yako, mzee. Saratani hakuna."

Fundi akajishika kwapani. Wino wa mkononi ulifikaje kwapani? Daktari akamweleza taratibu. Sindano inapoingia, mwili unadhani umevamiwa. Chembe zake za ulinzi hukimbilia wino na kuumeza, ila haziwezi kuusaga, hivyo hubaki nao pale pale tumboni mwao. Chembe moja ikifa huuachia, na nyingine huudaka. Ndiyo maana tatuu haitoki. Lakini miaka ikienda, punje husogea kidogo kidogo na mistari hutanuka. Punje nyingine husafirishwa hadi kwenye tezi za karibu na kukwama huko. "Tezi yako ilijaa ikavimba, na ndiyo iliyotutia hofu sote."

"Yaani tangu nichorwe," Fundi aliuliza, "humu ndani wanapokezana huyu ndege?"

"Mpaka leo hii."

Akautazama mkono wake kama mtu aliyegundua ana wapangaji.

"Daktari," Chiriku akadakia, "huyo ndege ni mimi. Kwa hiyo nilishafika mpaka kwapani?"

"Ulifika, mama."

"Na nyinyi mkanikata mkanipeleka maabara!"

"Tumekuweka kwenye kichupa kizuri, usijali."

Wakacheka wote watatu. Kisha kicheko cha Chiriku kikageuka, akalia kwa kwikwi, amemshika mumewe mkono kwa mikono yake miwili, na daktari akajifanya anafuta miwani.

Nyuzi zilipotolewa, Fundi alirudi kumalizia dari ya darasa kwa mkono wa kushoto. Mkewe alimfuata, akageuza ndoo tupu ya rangi akaikalia katikati ya chumba, eti kuhakikisha mkono wa kulia haupandi juu ya bega mpaka wiki alizoagiza daktari ziishe. Asubuhi nzima akamsimamia.

"Pale kwenye kona umeruka."

"Nimepaona."

"Hujapaona. Rudi."

Fundi akashuka, akasogeza ngazi, akapanda tena kuirudia kona.