Jiwe Zito la Mwisho wa Ukuta

Alhamisi, saa tisa na nusu ya mchana, nilikuwa nasuuza sare yangu ya shule nyuma ya nyumba wakati firimbi ilipolia mara tatu kutoka upande wa kiwanja. Siku ya mechi, firimbi tatu ndefu ni mwisho wa mchezo, watu wanarudi nyumbani. Lakini Alhamisi hakuna mechi. Firimbi tatu katika siku isiyo na mechi hupulizwa na Prezida wa mashabiki, kuwaambia watu wa mtaa wetu wa Mulongwe kwamba mmoja wa makocha wa timu yetu amekufa. Niliiacha sare ndani ya beseni. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akautazama mlango wa bluu wa jirani yetu, yule tuliyekaa naye ua mmoja, akasema taratibu, "Ni Papa Kocha. Jana magharibi walimpeleka hospitali." Sikulia. Niliketi juu ya kizingiti chake, na jambo la kwanza lililoingia kichwani mwangu, nalisema wazi kwa sababu nyinyi mnaosoma ukurasa wangu katika gazeti letu la ukutani nimewaahidi ukweli, halikuwa yeye mwenyewe. Lilikuwa jiwe lake.

Sitaji majina hapa, mnanijua. Lakini pengine leo amesimama mbele ya ubao huu mtu asiye wa mtaa wetu, basi nieleze habari ya mawe. Baada ya mto kutoka kwenye kingo zake na kuingia majumbani, watu walijenga ukuta mfupi kati ya kiwanja na mto. Juu ya ukuta ule mashabiki wameweka jiwe moja kwa kila kocha aliyewahi kuifundisha timu yetu. Upande wa goli anakaa kocha bora. Upande wa mtaro wa maji machafu anakaa kocha mbaya kuliko wote. Kila msimu ukiisha wanakutana hapo, wanabishana mpaka jua linapoingia nyuma ya milima, na mawe yanahama. Mwenye kutaka kulisogeza jiwe lazima alishike kwa mikono miwili muda wote anaoongea. Akilishusha, maneno yake yamekwisha. Tena anaruhusiwa kusema mambo ya uwanjani tu. Habari za kanisani, za nyumbani, za huruma, zote wanazikata kwa kelele: "Ya uwanjani! Ya uwanjani!" Na kocha akifa, jiwe lake linapewa nafasi moja ya mwisho kuhama, jioni baada ya mazishi. Asubuhi yake linapakwa simenti pale lilipo. Halitoki tena.

Jiwe la jirani yangu lilikuwa la mwisho, juu ya mtaro, tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Lilikuwa pia zito kuliko yote, na si kwa bahati. Mto ulipotoka mwaka ule, timu yetu ilikuwa na mechi na timu ya ng'ambo, ambao kwao maji hayakufika, na wakakataa kuiahirisha. Asubuhi ya mechi kocha aliwatazama wachezaji wake, akawaona watano wana matope mpaka magotini. Nyumba za mama zao zilikuwa zimejaa. Aliwaambia waende wakachimbue, akaingiza watoto wa timu ndogo, wengine na viatu vya kuazima. Tulifungwa tano kwa sifuri. Mashabiki, ambao nao walilala nje juma zima na walikuwa wanatafuta furaha moja tu, hawakumsamehe. Maji yalikuwa yameacha jiwe jeusi mbele ya goli, kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Walilibeba wakicheka: "Hili njo jiwe lake! Mwenye kumutetea achoke mbio!" Yaani hili ndilo lake, na atakayemtetea achoke upesi. Na kweli. Kila mwaka mtu mmoja alijaribu. Aliliinua, akasema sentensi mbili, akalishusha. Maneno yakaisha. Kocha wa Matope, jina walilompa tangu siku ile, akabaki mtaroni.

Mimi nilimjua baada ya hayo yote, macho yake yalipokuwa yameanza kufifia. Kwanza hakuona mpira, baadaye hakuona wachezaji, mwishowe aliona mwanga na kivuli. Lakini kila Jumapili alikwenda kiwanjani na kiti chake cha plastiki. Siku moja mama alinituma nimpeleke, na nilipotaka kuondoka akanishika mkono. "Kaa. Niambie kuko nini." Nilikuwa mtoto ambaye darasani mwalimu akiniita jina, wenzangu wananijibia. Nikasema, kwa sauti ya chini sana, "Wako wanacheza." Akacheka mpaka akakohoa. "Ile nayisikia miye mwenyewe! Angalia mambo matatu. Nani iko na mpira. Iko nao wapi. Na nani iko peke yake, hana mutu wa kumukaba. Ile ya tatu njo mechi yenyewe." Basi nilijifunza hivyo. Nani, wapi, nani yuko peke yake. Nikawa nasema, naye anatikisa kichwa, na kabla sijamaliza anapiga kelele kwa wachezaji, "Kushoto! Kushoto iko mutu!" Wakageuka, wakamwona kweli. Siku nilizokuja nimenuna alikuwa ananiuliza, "Redio yangu leo imeisha betri?" Ukurasa huu mnaousoma ulianzia pale, pembeni ya kiti cha plastiki.

Tulipokuwa tunarudi alipitia ukutani, akaligusa jiwe lake kwa fimbo. "Bado tuko hapa?" nilimsikia akilisemesha. "Vizuri. Mwizi akija, weye njo mulinzi." Nilidhani halimuumi. Siku moja nikajikaza, nikamuuliza. Aligeuza uso upande wa mto. "Miye, hapana. Miye nilijua nafanya nini. Lakini wale watoto wa ile siku, kila mwaka wanasikia watu wanasema ile mechi iko ya aibu. Aibu ya nani? Walikuwa wanacheza wao." Hayo ndiyo yaliyonijia Alhamisi juu ya kizingiti. Kama hakuna atakayeliinua jiwe Ijumaa, siku ya mazishi, Jumamosi asubuhi litapakwa simenti juu ya mtaro, na aibu ile nayo itapakwa simenti. Na niliwaza watu wote wa mtaa, mmoja mmoja, nikaona hakuna mwingine aliyemsikia akisema vile.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tunapenda sana kuwapanga makocha. Nadhani ni kwa sababu kuna mambo mengi hapa kwetu ambayo hatuwezi kuyapa namba. Mvua haina wa kumwita aje ajibu. Barabara ikifungwa, bei ya unga ikipanda, hatujui ni nani wa kusogezwa upande wa mtaro. Kocha tunamwona. Anasimama pale pale, peke yake, na nguo zake za kawaida, na sisi sote tunajua kazi yake kuliko yeye. Kwa hiyo tunampa na makosa yasiyo yake. Sisemi tuache. Mimi mwenyewe napenda siku ya mawe kuliko sikukuu. Nasema tu kwamba wale waliompa jiwe zito walikosea mchezo wao wenyewe, kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyemsikiliza mtu akimsemea mpaka mwisho, na hukumu ya namna hiyo si ushindi.

Jioni ile ya Alhamisi nilijaza maji kidumu cha lita kumi, nikakishika mbele ya kifua kwa mikono miwili, nikaanza kuongea. Nilikishusha haraka. Nikakiinua tena. Mama alichungulia dirishani. "Weye, unaongea na kidumu?" "Najifunza, mama." Alinitazama, akaelewa, nilimwona akielewa. Hakunikataza. Alisema tu, "Shika kwa chini, karibu na tumbo. Njo tunavyobeba watoto." Nilirudia asubuhi, na mara nyingine tena kabla ya mazishi.

Ijumaa, tulipotoka makaburini, watu walijaa kiwanjani na vumbi la kaburi bado kwenye viatu. Prezida wa mashabiki, mzee mwenye firimbi shingoni ambaye sijawahi kumwona bila kofia ya timu, alisimama juu ya ukuta. "Jiwe la marehemu. Kuko mwenye kuinua?" Watu waliangalia chini. Nikaenda. Nilipopita katikati ya watu nikasikia, "Huyu? Huyu iko na sauti?" Mwingine akajibu, "Ataongea na jiwe, sisi tutaona midomo tu." Walicheka. Nililishika kwa chini, karibu na tumbo. Lilikuwa zito kuliko kidumu.

Sikujua nianze wapi, basi nikaanza alivyonifundisha, na kwa mechi aliyonisimulia mwenyewe. "Nani iko na mpira?" nikasema. "Kipindi cha pili. Ile mechi ya matope." "Kwa nguvu!" mtu akapiga kelele nyuma. "KIPINDI CHA PILI!" nikasema, na mimi mwenyewe nikashtuka. "Magoli yote matano yaliingia kipindi cha kwanza. Cha pili, wale watoto walifungwa mangapi?" Watu wakatazamana. Prezida akakuna shingo. "Cha pili... hakuna." "Hakuna! Kocha aliwabadilisha namna ya kusimama, wale wa ng'ambo wakagonga, wakagonga, hawakupita. Ya uwanjani hiyo, ao si ya uwanjani?" "Iko ya uwanjani," sauti moja ikasema. Mikono ilikuwa imeanza kuwaka. Nikaendelea. "Na kocha wetu wa kwanza pale upande wa goli, yule wa kombe. Siku ya kombe, nyuma walisimama akina nani? Watatu kati yao, nani aliwaingiza uwanjani mara ya kwanza?" Prezida akainua kidole. "Kombe iko ya kocha mwengine, mwanangu." "Ndiyo, Papa Prezida. Siombi kombe. Sisemi awe wa kwanza. Nasema ile mechi haikuwa ya aibu, iko mechi ya kwanza ya timu ya kombe." Hapo kapteni wa timu, ambaye siku ya matope alikuwa mtoto na viatu vya kaka yake, akaja akasimama kando yangu. Kanuni haimruhusu kunisaidia kulishika. Alisimama tu, akasema, "Miye nilikuwa namba tatu, ile siku." Akawageukia watu. "Nilisubiri mutu aseme ile neno."

Sikulishusha. Prezida alinitazama mikono, akanitazama uso. "Unataka liende wapi?" "Katikati." Wakaanza kubishana, na mimi bado nimelishika, mpaka mama akapiga kelele, "Muamue basi, mutoto iko anakufa na jiwe!" Kicheko kikatoka, mikono ikainuliwa, ikawa mingi. Nikatembea nalo pole pole hadi katikati ya ukuta, nikaliweka. Vidole havikutaka kufunguka.

Ndipo watu wakageuka kutazama upande wa mtaro, maana ukimtoa mmoja mwisho, mwingine ndiye wa mwisho. Na yule mwingine alikuwepo, mzima, na shati la mazishi. Ni kocha aliyefungwa kule kijijini Kiringye na vijana waliotoka moja kwa moja shambani, siku hizi anatengeneza simu karibu na daraja. "Ngojeni," akasema. "Sasa miye njo wa mwisho? Niko hapa nawaona kwa macho!" Watu walikufa kwa kicheko. "Inua jiwe lako, ujitetee!" wakamwambia. Alikwenda, akalishika, jiwe dogo linaloingia kiganjani. Alilitazama, akatazama lile jeusi pale katikati. Kisha akalirudisha mahali pake, juu ya mtaro. "Hapana. Niache hapa. Yeye hawezi tena kupanda, miye ninaweza. Miye haniko na simenti." Prezida alivua kofia.

Hilo ndilo ninalotaka tulibebe kutoka kwa mtu huyu ambaye watu wa mtaa walimpa jina la matope naye akaendelea kutupigia kelele za kushoto na kulia bila macho. Tuwapange watu, sawa, tubishane mpaka jua liingie. Lakini tusimpake mtu simenti akiwa bado anapumua, na tusimpe jiwe ambalo hakuna awezaye kulishika akimsemea. Na kama jiwe limekwisha kuwa zito, basi mtu ajifunze kulibeba. Mimi nilikuwa nafikiri sauti ni kitu ambacho wengine wamezaliwa nacho. Kumbe unaweza kuifanyia mazoezi, kama mikono.

Jumamosi asubuhi, kabla ya shule, nilibeba maji katika kidumu kile kile mpaka ukutani. Kocha wa mwisho ndiye aliyekuwa anachanganya simenti, kwa jembe la mkopo, na shati lake la kazi. Hatukusemezana sana. Tuliliinua jiwe jeusi pamoja, sasa kanuni haikatazi, nikalikandamiza ndani ya simenti mpaka likakaa. Kisha nikaenda mwisho wa ukuta, nikalisukuma jiwe lake dogo kwa kidole kimoja. Lilitikisika. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda shule na simenti kwenye kucha, na mwalimu aliponiita jina, nikajibu mwenyewe.