Thelathini na Nane na Nukta Nne

Harufu ya spiriti hunirudisha nyumbani kwetu Mitunguu, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama migomba, ambako dada yangu Kendi alilala akitibiwa saratani ya damu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na sita. Kila baada ya wiki tatu Mama alimpeleka hospitali kutundikiwa dawa, na alirudi akiwa hana nguvu hata za kuchana nywele ambazo, baada ya muda, hazikuwapo tena.

Nyumba ilipata sheria mpya. Maji ya kunywa yalichemshwa, matunda yalimenywa na Mama mwenyewe, na mgeni alinawa kabla ya kuingia. Msimamizi wa sabuni nilikuwa mimi. Hata mzee wa kanisa nilimrudisha kwenye karai kwa sababu alikuwa ameruka vidole gumba.

Lakini kazi yangu kubwa ilikuwa kipimajoto, nilichokipangusa kwa spiriti asubuhi na jioni. Nilikabidhiwa na muuguzi mmoja, kwa kuwa macho ya Mama hayakuona namba ndogo.

“Dawa imepunguza askari wa damu yake,” aliniambia. “Joto likifika thelathini na nane, aje hospitali saa hiyo hiyo. Msimpe dawa ya homa kwanza mkingoja. Umeshika?”

“Nimeshika.”

Jumapili moja Mama alikuwa kanisani, Baba shambani kufungulia migomba maji. Kendi alianza kutetemeka chini ya blanketi mbili, katika joto la Mitunguu ambalo hata kuku hulikimbia. Nikampima. Thelathini na nane na nukta nne.

“Makena, usimwambie mtu,” alisema. “Watanilaza tena, na mtihani ni wiki ijayo. Nipe tu dawa ya homa.”

Sikuwahi kumkaidi Kendi. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilisimama pale nikiwa na machozi, kisha nikatoka mbio.

Mahubiri yalikuwa yamepamba moto. Nilipita katikati ya kanisa, malapa yakipiga sakafu, hadi mbele walikokaa wanakwaya, Mama akiwa mmoja wao. Mhubiri akanyamaza.

“Mama, ni thelathini na nane na nukta nne.”

Mama alimpa jirani kitabu chake cha nyimbo, akainuka. Mwalimu mmoja mwenye gari alitufuata nje, funguo mkononi, bila kuombwa.

Kendi alitundikiwa dawa za kuua vijidudu mara alipofika. Daktari alimwambia Mama kwamba kama wangengoja hadi jioni, yeye asingeahidi lolote. Dada yangu alikaa wodini siku kumi, na siku tatu za kwanza alikataa kuongea nami kwenye simu. Ya nne akasema, “Wewe ni msumbufu sana,” na nikajua tumepatana. Leo anafundisha hisabati Karurumo, na nywele zake zimezipita zangu kwa urefu.

Kwa miaka mingi nilijivunia miguu yangu iliyokatiza lile kanisa. Sasa nina binti wa miaka kumi, na nikimsikia akinieleza jambo, najikuta namuuliza mara mbili kama ana hakika. Mama hakuniuliza hata mara moja. Aliinuka mbele ya kanisa zima kwa neno langu peke yake, na hilo ndilo ninalojivunia zaidi.