Isale ya Aika

Leo nimeletewa isale darasani.

Mnajua nafundisha ushonaji kwenye ule mradi wa vijana wasio na shule wala kazi, hapa Moshi mjini.

Aika alikuwa mwanafunzi wangu. Akapotea ghafla, simu hapokei. Nilikasirika, jamani! Nafasi yake nikampa mwingine.

Leo kashuka kutoka Old Moshi, jani la isale mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Nilikuwa namuuguza mama. Wiki iliyopita tumemzika. Naomba unisamehe."

Wachagga mnaelewa. Ukiletewa isale, hukatai kusamehe.

Nikalipokea. "Nimekusamehe, mwanangu."

Akafuta machozi, akatabasamu, akageukia darasa. Cherehani zote zina watu.

"Sasa mwalimu, nikae wapi?"