Mshono wa Rula

Ugomvi wa kwanza ulikuwa na mlango.

Fundi seremala aliyeutengeneza aliitwa tena na tena. Kila alipokuja alipapasa fremu kwa kiganja, akaufungua mlango, akaufunga, nao ukafungika taratibu bila kulia.

"Mama, mlango huu hauna kasoro."

"Hauna kasoro? Tazama hapa katikati. Umejipinda kama mtu mwenye kichomi."

"Mimi siuoni huo mpindo."

"Basi nenda kwa daktari wa macho, fundi. Dawa zipo."

Fundi alicheka, akabeba mkoba wake akaondoka. Mwenye mlango alikuwa mwanamke ambaye watu walimpenda hata akiwatukana. Mtaa mzima ulimwita Rula, na wengi hawakujua jina lake jingine. Jina hilo alipewa na rafiki zake wawili wakati wote watatu ni wasichana, kwa sababu alishona mshono mrefu kutoka bega hadi pindo bila kuchora mstari, na mshono ukatoka umenyooka kabisa. Wenzake walitumia chaki. Yeye aliidharau. "Chaki ni mkongojo," alikuwa akisema. "Mimi natembea."

Maisha hayakumpa vitu vingi vya kujivunia. Alipiga pasi mashuka ya hospitali mpaka miguu ikakataa kusimama. Mume alikufa mapema, akamwachia nyumba ya vyumba viwili na binti mmoja. Hata jamaa zake hawakumwomba ushauri katika jambo lolote kubwa. Lakini Jumapili baada ya chakula cha mchana alipokaa sebuleni kwa Mwalimu na sindano mkononi, alikuwa mtu ambaye hana mbadala.

Mwalimu alifundisha darasa la kwanza hadi alipostaafu, na bado alizungumza na watu wazima kana kwamba anangoja wanyooshe mikono. Wa tatu alikuwa Mkunga, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, ambaye alikuwa angali akifanya kazi wodi ya wazazi. Hawakushona kwa ajili ya kuuza. Walishona zawadi: kigauni cha mtoto aliyezaliwa, foronya za maharusi, blauzi ya jirani aliyepata kazi. Mwalimu alikata, Rula aliunganisha, Mkunga alimalizia mapindo na vifungo. Nguo ambayo haikupita mikono yote mitatu hawakuihesabu kuwa yao.

Na walikuwa na sheria moja, kwamba mama hamshonei mwanawe. Mtoto wa mmoja akioa au akiolewa, wawili waliobaki ndio hushona. "Mama akimshonea mwanawe," Mkunga alieleza, "anamshonea na wasiwasi wake humo humo."

Aliyegundua kwanza ni Mwalimu. Siku moja, wenzake walipokwisha kuondoka, alikishika kigauni cha mtoto akaona mshono wa ubavuni unatangatanga, unakwenda kulia, unarudi kushoto, kama njia ya siafu. Alidhani Rula alikuwa amechoka. Jumapili iliyofuata ikawa vile vile. Akamvuta Mkunga jikoni, wakanong'ona huku maji yakichemka.

"Tumwambie."

"Umwambie wewe, Mwalimu. Wewe ndiye uliyezoea kutoa sifuri."

"Wewe unapeleka habari mbaya kila siku wodini!"

"Naweza kumwambia mwanamke kwamba mtoto wake ametanguliza miguu. Hili siliwezi."

Hawakumwambia. Badala yake Mkunga alianza kubaki nyuma kila Jumapili, akisingizia vyombo. Walifumua mishono ya Rula na kuishona upya, wakiiga zile hatua zake ndogo zinazokaribiana, wakipitisha sindano katika matundu yake kila yalipokuwa mahali pake. Kumnyang'anya sindano mwanamke yule, waliona, ni kumvua nguo barabarani. Walifanya hivyo miaka miwili. Ulikuwa upendo, sina shaka, na kama ungekuwa mdogo kidogo huenda ungemfaa zaidi.

Maana hawakujua Rula alikuwa anaona nini. Nguo ilipokamilika, kabla haijafungwa kwenye karatasi, aliishika kuiaga, na mshono aliouacha umenyooka akaukuta umepinda. Kwanza aliduwaa. Kisha akaelewa, au alidhani ameelewa: wenzake wanazeeka. Mkunga anavuta uzi mno anapomalizia. Mwalimu mkono wake wa kukata umelegea.

"Wananiharibia kazi," alimwambia binti yake, "nami nanyamaza. Nitawaambiaje? Ni wenzangu. Aibu yao ni yangu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika sebule ile, kati ya vicheko na vikombe: kila mmoja akimfichia mwenzake aibu, na kila mmoja akijiona ndiye mwenye huruma.

Binti alipopata mchumba, Mwalimu alitoa futi ya kupimia kabla hata chai haijamiminwa.

"Haya, mwali aje Jumamosi. Kifua, kiuno, urefu. Na asile sana hadi harusi ipite."

"Usihangaike," Rula akasema. "Gauni hili nitalishona mwenyewe."

Mkunga akacheka. "Na sheria?"

"Sheria tumeitunga sisi."

"Tuliitunga na wewe ukiwepo, bibi wee. Mwanangu alipoolewa nilikaa nje ya mlango huu nikitafuna kucha. Leo zamu yako."

"Basi angalau tushone wote," Mwalimu alisema, sasa kwa sauti ya darasani. "Wewe unganisha, sisi tumalizie. Kama siku zote."

Rula aliitua sindano. Alikuwa amejiapiza kutosema, lakini aliyeguswa hapa ni mwanawe.

"Nimewavumilia muda mrefu," alisema. "Nawaachia mshono umenyooka, mnanirudishia umepinda kama mkia wa mbwa. Foronya, sawa. Kigauni cha mtoto, sawa, mtoto hana macho ya kukagua. Lakini siwezi kumkabidhi binti yangu kwa mikono inayotangatanga."

Mkunga alifungua kinywa. Mwalimu akamkanyaga mguu chini ya meza, akamkanyaga hasa, naye akakifunga. Vikombe havikutikisika jioni ile.

Gauni lilimchukua Rula wiki nyingi. Alilishona karibu na dirisha, akiusogeza mshono hadi karibu na uso, na kila alipoutazama aliuona umenyooka, akajisikia msichana tena. Binti alipolijaribu, alisimama mbele ya kioo. Kitambaa cha mbele kilivutwa upande mmoja, kama mtu anayeshikwa nguo na mwenzake asiyeonekana. Mshono wa mgongo ulipindapinda kama kijito.

"Unaonaje?"

"Ni zuri, Mama."

Kesho yake binti alilikunja, akalitia kwenye mfuko, akaenda nalo kwa Mwalimu.

Walilitandaza mezani. Mkunga alilitazama akasonya.

"Ametutukana, halafu tunamshonea?"

"Hatumshonei yeye," Mwalimu alisema, akichukua mkasi mdogo. "Tunamshonea mtoto. Shika huku."

Siku ya harusi Rula alikaa safu ya mbele ukumbini, kitambaa cha kichwa kikiwa kimefungwa vizuri kuliko alivyowahi kukifunga. Muziki ulipigwa. Binti akaingia, na watu wakapiga vigelegele, kwa sababu gauni lilikuwa limemkaa kama ngozi. Mama yake alimtazama kuanzia begani, akiufuata mshono wake kwenda chini, ule aliousindikiza kwa macho hatua kwa hatua. Ulikuwa umepinda.

Akasimama.

"Nani ameligusa gauni hili?"

Wa karibu walidhani anatania. Mpiga muziki akapunguza sauti.

"Nasema, nani ameligusa? Nyie!" Aligeukia safu ya pili. "Kazi zenu mmeziharibu nimenyamaza. Hili nalo? Roho iliwauma kiasi hicho, mkaenda kumfedhehesha mtoto mliyembeba wenyewe?"

Mkunga aliinuka. "Sikiliza wewe—"

Mwalimu akamshika kifundo cha mkono.

"Mwache aseme!" Rula akapiga kelele. "Aseme kwamba ni wivu! Watu wote wasikie!"

"Mama, kaa chini," binti alisema. Hakuinua sauti. "Nakuomba. Kaa."

Mwalimu alichukua mkoba wake, akapita katikati ya viti huku akiwaomba radhi watu kwa kuwakanyaga. Mkunga akamfuata.

Baada ya hapo Jumapili zilikuwa ndefu. Rula alikaa kwake akiutazama mlango, nao ulizidi kupinda, na dirisha nalo likaanza. Aliamini nyumba inadidimia. Akamwita fundi, safari hii kwa matusi kamili, na fundi akaja na timazi ili wamalizane.

"Tazama, Mama. Huu ni uzi, hili ni pande la chuma. Likining'inia, uzi hauwezi kusema uongo. Fremu ikiachana na uzi, nakutengenezea mlango mwingine bure."

Alilining'iniza. Chuma kilizungukazunguka, kikatulia. Rula akasogea. Fremu ilikuwa imepinda. Na kando yake uzi ulikuwa umepinda vile vile.

"Uzi wako una fundo."

"Hauna."

Aliushika kati ya vidole viwili, akateremka nao polepole hadi kwenye chuma. Vidole vilikuta uzi uliokazwa, mnyoofu. Macho yaliona kijito. Uzi alikuwa ameushika maisha yake yote. Kama kulikuwa na kitu kimoja duniani alichokijua, ni kwamba uzi unaovutwa na uzito hauna njia mbili.

Akakaa sakafuni.

"Mama, unaumwa?"

"Mlango wako mzima, fundi," alisema. "Nenda nyumbani."

Binti alikuja alipopata habari. Rula hakungoja aketi.

"Gauni uliwapelekea wewe."

"Mimi, Mama."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha nikasimama mbele za watu."

"Nilikuomba ukae."

Daktari wa macho alimpa kadi yenye mistari ya miraba, akamwuliza kama imenyooka, naye Rula akacheka cheko moja fupi lisilo na furaha. Ugonjwa ulikuwa umekaa katikati kabisa ya macho, mahali pa kutazamia. Ungeweza kucheleweshwa, daktari alisema, kama angekuja mwanzoni. Sasa mengi yalikuwa yamekwisha kwenda. "Hukuwa na mtu wa karibu aliyeona mabadiliko? Jamaa? Marafiki?"

Swali hilo alilibeba moja kwa moja hadi kwa Mwalimu. Mwalimu alifungua, akasimama mlangoni.

"Nimekuja kuomba radhi," Rula alisema.

"Nimesikia."

"Na nimekuja kuuliza. Miaka miwili mlikaa nami hapa, mkaniona napotea. Daktari anasema ingesaidia. Kwa nini hamkusema?"

Mwalimu aliegemea fremu ya mlango. Alikuwa amezeeka usoni tangu harusi.

"Ungetusikia?"

"Sijui."

"Ungetutukana."

"Ningewatukana, halafu ningekwenda. Nawatukana tangu tukiwa wasichana, lini mmeogopa?"

Swali hilo lilimkasirisha Mwalimu.

"Vidole viliniuma kwa ajili yako," alisema. "Kila Jumapili. Halafu ukasimama mbele ya ukumbi mzima ukaniita mwenye wivu. Unataka nikubebe na hilo pia?"

"Na mimi je, nani amebeba macho yangu?"

Walitazamana, au Mwalimu alimtazama Rula, na Rula alitazama pale ambapo uso wa rafiki yake ulikuwa umeanza kupinda kuuzunguka ukungu mdogo wa kijivu. Mwishowe Mwalimu alisema, akiangalia kando, "Kuna mashuka ya zamani ya kufumua. Kazi ya vidole. Ukitaka, njoo Jumapili."

Alikwenda. Mkunga alikuwepo, akapangusa kiti kabla Rula hajakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mwalimu alimwekea shuka mapajani, akamwongoza mkono hadi kwenye ncha ya uzi. Rula akafumua. Alikuwa hodari, vidole viliutafuta mshono vikaukuta, na uzi ukatoka mrefu bila kukatika.

"Chai, dada?" Mkunga aliuliza.

"Asante."

"Sukari inatosha, dada?"

"Inatosha."

Alingoja. Aliudondosha mkasi makusudi, ukagonga sakafu kwa kelele, ule uzembe ambao zamani ungemletea matusi ya jioni nzima, kwamba ana mikono ya mbao, kwamba aliolewa kwa huruma. Mkunga aliinama haraka, akauokota, akampa upande wa mshikio.

"Pole, dada," alisema.

Rula akaupokea. Akaendelea kufumua.