Mkaa Usiochanganywa

Watu wa mtaa walimwita Mizani, na jina lake halisi hata mwenye nyumba wake alishalisahau. Kazi yake ilikuwa kupima mkaa. Si kuuza, jamani, kupima tu! Anaingia kwa mtu asubuhi, anauning'iniza mfuko wa mkaa kwenye ndoano ya mizani, anaandika uzito, anaaga. Kesho yake anarudi kupima uliobaki. Uliopungua ndio uliochomwa, na wakubwa ofisini wanaupigia hesabu wajue jiji linatoa hewa ya ukaa kiasi gani, maana jiji lenyewe lilikuwa linafumuka kila upande, leo shamba, kesho ghorofa.

"Mizani, umekuja kupima moshi wetu?" wanawake walimtania. "Njoo na gunia basi, uubebe wote!"

"Nitaubeba na wewe ukiwa ndani," alijibu, nao wakaangua kicheko.

Taabu ilikuwa ujirani. Katika nyumba zile za kupanga, vyumba huku na huku na ukumbi katikati, majiko yote yalikaa ukumbini na hakuna aliyepika peke yake. Maharage ya huyu yakiiva, yule anabandika chai juu ya makaa yaleyale. Aliyeishiwa anachota kwa jirani. Sasa hapo utapima nini? Msimamizi wake wa ofisini alishazikataa namba za Mizani, na safari hii akamwambia bila kumung'unya maneno, "Dada, zikija tena zimechanganyika, tutatafuta mtu mwingine."

Mizani alikuwa mjane, na watoto wote walimtazama yeye. Akaenda kwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi cherehani aliyepanga chumba katika nyumba mojawapo ya zile.

"Mdogo wangu, niokoe. Leo jiko lako liwe lako peke yako. Asibandike mtu, usimpe mtu hata kaa moja."

"Ukumbini pale? Wataniona mchoyo, dada."

"Basi liingize chumbani. Siku moja tu!"

"Haya, wewe tena! Nitalilinda kama mume mpya."

Wakacheka. Mizani akapima mkaa wa mdogo wake, akaenda zake na moyo mweupe.

Mchana ikanyesha mvua ya upepo, ikapiga madirisha hadi maji yakaingia vyumbani. Mizani alikuwa kwake, akifurahi kwamba kesho angempelekea msimamizi namba safi. Kuhusu dirisha la mdogo wake hakuwaza hata kidogo.

Asubuhi akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena, akaita, akacheka kidogo, "We mvivu, amka!" Jirani wa mlango wa pili akatoka, wakasukuma pamoja mpaka kitasa kikaachia.

Mdogo wake alikuwa amelala ubavu chini ya cherehani, shavu juu ya kitambaa cha sare alichokuwa anakishona. Jiko lilikuwa katikati ya chumba, majivu matupu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mizani alimshika mkono, ulikuwa baridi na mgumu. Sumu ya mkaa haina harufu, wala haibishi hodi.

"Nilimgongea jana," jirani alisema. "Nilitaka kubandika sufuria yangu. Akaniambia nimsamehe, leo hapana, namba za dada yake zitaharibika. Mvua ikazidi, nikamsikia anafunga dirisha. Nikanuna, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, kumbe naye ni mchoyo."

Wanawake wakajaa chumbani, wakamzunguka Mizani, wakamshika mabega. Wengine walilia. Mmoja, mtu mzima, akamwambia ajikaze, hii ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa.

Mizani akaitoa mikono yao begani.

"Msimsingizie Mungu," alisema. "Mungu hakumwambia aliingize jiko ndani. Nilimwambia mimi. Na ofisini walitufundisha siku ya kwanza kabisa, mkaa hauchomwi chumbani. Nimewaonya watu nyumba kwa nyumba, nyinyi wenyewe nimewaonya. Yeye ndiye ambaye sikumwambia, maana jana nilikuwa nawaza namba."

Jirani wa mlango wa pili alikwenda kulifungua dirisha.