Maji Yalipojaa Mto wa Lulu

Mama alikuja Guangzhou mara moja tu, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa nikinunua nguo katika soko la jumla la Shisanhang na kuzisafirisha Unguja. Siku hiyo mizigo ilituchelewesha, na alasiri ikatukuta ukingoni mwa Mto wa Lulu hatuna udhu.

"Dukani kuna maji ya chupa," alisema. "Tukanunue, mwanangu."

Ninunue maji mbele ya mto! Mimi, mtoto wa pwani! Nikaanza kumsomesha: hapa inakaribiana mito mitatu, wa magharibi, wa kaskazini na wa mashariki, kabla ya kumwagika baharini, na maji hujaa na kupwa mpaka mjini. Sasa yanajaa. Kwetu maji yakijaa pwani yote husafika. Asubiri kidogo, nitamteremsha ngazini atawadhe kwa raha.

Bibi mmoja wa Kichina aliyekuwa akipita alituona tunayakodolea macho yale maji, akatupungia mkono wa kukataza: "Buyao! Buyao!" Neno hilo la kukataa nililisikia kutwa sokoni. Nikamcheka.

Maji yakapanda kweli. Lakini bahari iko mbali na pale. Kilichopanda ni uchafu ule ule ulioshuka mchana, umesukumwa kurudi mjini na kuingia mpaka miferejini: povu, maganda ya matikiti, na weusi wenye ubuluu wa rangi za kutilia nguo. Ulinuka mayai viza.

Mama alishuka vidato viwili, akainama, akarudi juu.

"Rangi imebadilika, harufu imebadilika," alisema. "Ladha sitaki kuijua."

Nikakimbilia dukani. Niliporudi na chupa jua lilikuwa limeshazama. Mama yangu, ambaye hata homa haikuwahi kumpitishia wakati wa sala, nilimpitishia mimi kwa ujuaji wangu. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

Nikangoja anikaripie. Afadhali angenikaripia. Alitawadha taratibu, akatandika kanga yake moja juu ya saruji, akanipa maji yaliyobaki.

"Tawadha na wewe. Utanisalisha. Tuanze na alasiri iliyotupita."

Nikasimama mbele yake, nikatoa takbiri, sauti ikaniishia hapo hapo. Bahati yangu, alasiri husomwa kimya kimya.